Doa Katikati ya Mto

Ndugu zangu, mama zangu, asanteni kwa kunitegea sikio. Mchungaji aliponiomba nisimame, nilimwambia sina cha kusema. Nilidanganya. Ninacho, ila kinaniogopesha hata leo.

Miaka ile ya kabla ya vita nilikuwa mpagazi wa Mzungu mmoja mpima ardhi. Kaka yangu, tumbo moja, alibeba hema. Mimi nilibeba sanduku la rangi, maana yule bwana alipenda kuchora milima na mabonde kwa rangi za maji. Alipoona natazama sana, akanifundisha. Unalowesha karatasi kwanza, yote, mpaka ing'ae. Halafu unagusa rangi juu ya maji, nayo inatembea yenyewe: wingu linajifanya wingu, ukungu unashuka mlimani. Lakini ukishaanza huachi. Karatasi ikikauka katikati, kazi imeharibika. Niliipenda kazi ile kuliko chakula.

Masika moja tulipiga kambi karibu na Galula. Bwana alishikwa na homa, akatutuma mimi na kaka tuvuke Songwe tukatafute unga. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu. Kuvuka mto wa namna ile ni watu wawili: mnashika mti mmoja, huyu akiteleza yule anamzuia. Sasa kule ng'ambo mvua ilikuwa inashuka milimani, sijapata kuona kitu kizuri vile. Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua sanduku la rangi, nikalowesha karatasi.

Kaka akasema, "Mdogo wangu, njoo tushike mti."

"Nisubiri kidogo, kaka. Itakauka."

"Na mvua ile unayoichora, ikifika hapa?" Akacheka. "Haya, chora. Nitavuka mwenyewe."

Sikuinua hata kichwa.

Nikachora milima, nikachora ukungu, brashi ikashuka hadi mtoni. Nikaona kitu cheusi katikati ya maji. Nikadhani gogo. Ndugu zangu, nawaambia mbele ya Mungu: nilikitia kwa ncha ya brashi, doa dogo, likatawanyika kwenye karatasi kama moshi. Nikaona limependeza.

Nilipomaliza nikatazama mto. Hapakuwa na gogo. Wala ng'ambo hapakuwa na mtu.

Nilikimbia ukingoni nikiita mpaka sauti ikakatika. Penye kona nikaukuta ule mti umenasa kwenye matete. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, msiitafute kwingine. Niliuchomoa, nikausukuma uende na maji, asiuone mtu. Nikarudi kambini nikasema kaka amenitangulia na simwoni. Mpishi akasema, "Huyo amekimbilia Rodesia, kwenye migodi ya shaba." Vijana wengi walikuwa wanatoroka hivyo kupitia mpakani Tunduma. Nikajibu, "Labda. Alikuwa akipazungumzia."

Maneno hayo yalidumu miaka kumi na mmoja.

Mama yetu alimngoja mpaka akafa. Hilo siwezi kulirudisha. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikataa kuolewa tena. Kila mwaka baada ya kuchuma kahawa alikwenda kwa miguu hadi Tunduma, anasimama njiani anawauliza wanaorudi kutoka migodini, "Hamjamwona mtu mrefu, ana kovu juu ya jicho?" Akirudi hapa Igamba ananipitia. "Mwaka huu pia hawajamwona, shemeji." Nami namkaribisha uji.

Kuchora kulinishinda. Nikichora mlima mkavu, mkono unatia doa. Nikichora shamba la mahindi, doa lipo, linatawanyika mbele ya macho yangu. Mkinicheka mtanionea. Na mvua ikianza nilikuwa nasikia kicheko cha kaka karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango. Nikanywa pombe ili nisimsikie. Nikamsikia zaidi.

Mwaka wa kumi na mmoja shemeji akaja asubuhi, amevaa kanga mpya, mzigo kichwani, uso umechangamka. Kuna msafiri amemwambia yupo Mnyiha mwenzetu mmoja huko migodini, mrefu, ana kovu. Anamfuata.

"Niandikie barua, shemeji, wewe umesoma. Nikizuiwa mpakani, wampelekee. Mwambie sina hasira. Mwambie binti yake amekua."

Nikashika kalamu. Nikaandika, "Kaka." Mkono ukagoma.

Nikaingia ndani, nikaitoa ile picha chini ya mkeka, nikamwekea magotini.

"Nini hii?"

"Mto Songwe. Na hapo," nikamwonyesha doa, "ni mumeo."

Nikamweleza yote, hata habari ya mti. Akaliwekea kidole lile doa. Kisha akauliza, "Aliita?"

"Maji yalikuwa na kelele. Kama aliita, sikusikia."

Akanipiga kofi. Akanipiga la pili. Halafu akakaa chini, akasema polepole, "Kumbe hakuniacha. Miaka yote hii najiuliza nilimkosea nini."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hilo nalo nilimwibia.

Siku ile ile tulikwenda kwa wazee wa kanisa. Nilikiri mbele yao na mbele ya ukoo. Wako waliotema mate, na walikuwa na haki. Kwa kuwa hatukuwa na mwili, shemeji aliomba tuizike ile karatasi. Tulichimba kaburi la mtu mzima, tukaifunga sanda, tukaimba. Binti yake ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Sasa nachora tena, na pombe nimeacha. Sisemi nimepona. Mvua ikipiga bado namsikia, na kuna siku mkono unatia doa bila kuniuliza. Siku hizo naiacha picha kama ilivyo, natoka nje, nalima.

Nawashukuru wazee waliokaa nami bila kunifukuza. Namshukuru mama mmoja, yumo humu, sitamtaja. Hajaniambia kwamba amenisamehe. Ila Pasaka iliyopita aliniletea mahindi mabichi, nikayapokea kwa mikono miwili.

Ninalowaomba ni hili. Huenda kati yetu yupo anayejua jambo ambalo mwenzake analingoja. Usikae ukisubiri ujasiri, mimi sikuupata hata siku moja. Tukitawanyika hapa, kabla hujafika kwako, pitia kwake.