Fundi Pasi Amepona Bila Sisi

Benchi letu limeegemea ukuta wa stoo ya simenti, mkabala na kibanda cha fundi cherehani tuliyembatiza Pasi. Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kila akikaa kunywa kahawa, kikombe hakifiki nusu ameshashika kichwa: "Jamani, pasi nimezima?" Basi mimi, fundi viatu, ambaye hapa wananiita Gundi, namsindikiza kuvuka barabara, tunaikuta pasi imepoa zamani, tunarudi. Mara tatu, mara nne kwa siku. Miaka sita! Sasa hii ni wiki ya tatu haulizi. Anakunywa kikombe chake mpaka chini, anacheka, anarudi kazini. Na mimi, nisiwafiche, roho inaniuma kwelikweli.

— Msikieni, anapiga mluzi, alisema Waya, fundi redio. Mtu mzima, mluzi wote ule!

— Jana nilimkumbusha pasi, nikasema. Nilitaka kumsaidia tu.

— Akasemaje?

— Akacheka. "Gundi, nimezima, na nimeandika."

— Ameandika? Kwani pasi inasoma?

Mama Buli, anayetuuzia kahawa, akatikisa kichwa.

— Nyie mna kijicho. Mwenzenu anakwenda zahanati kila Alhamisi, kuna mama mshauri pale. Kamfundisha: ukizima pasi, gusa swichi, sema kwa sauti "nimezima," andika saa kwenye daftari. Wazo likirudi, usilifukuze wala usilifuate. Liache lipite kama mpita njia. Na hofu zake nyingine zote kazipangia muda, saa kumi mpaka saa kumi na robo.

— Hofu ina ratiba? akashangaa Waya.

— Ikija asubuhi anaiambia, rudi saa kumi.

— Na inakubali? nikauliza. Sauti ilinitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

— Kuna siku inagoma, mwenyewe anasema. Lakini siku nyingine saa kumi ikifika, hana hata la kuandika.

— Uongo! Waya akapiga benchi. Hivyo ni vidonge. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtazameni miguu yake: mizima yote miwili! Basi yupo mkuu anayempa vidonge.

— Vidonge wapi, alisema Profesa, muuza magazeti wetu, ambaye husoma vichwa vya habari tu na yaliyo chini yake hujaza mwenyewe. Pasi ameuza.

— Ameuza nini?

— Hofu. Wako matajiri wana kila kitu, wamekosa cha kuogopa, usingizi hauji kwa ukiwa. Wananunua. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sasa hofu ya Pasi ilikuwa chema au kibaya?

— Si ilijitembeza! Hukuiona ikivuka barabara kila siku?

Waya akanuna.

— Ndiyo maana nasema hana utu. Mimi nina hofu safi kabisa, haijaguswa na mtu. Angeniunganisha na mnunuzi angepungukiwa nini?

— Wiki ya kwanza alikuja hapa na daftari lake awaonyeshe, alisema Mama Buli. Wewe Waya ukaliwekea kikombe juu.

— Meza haikuwepo!

Profesa akainua kidole.

— Subirini. Labda hakuuza. Hofu haifi, jamani, huhama. Ni kama kunguni: ukitupa godoro, anayejikuna ni jirani. Iliyomtoka Pasi imeshamwingia mmoja wetu, hapa hapa benchini.

Tukatazamana. Nikagundua nimeshaanza kujikuna shingo.

Niseme nisilowahi kuwaambia. Kibanda changu kiko hatua chache tu kutoka kwa Pasi. Kila nilipomsindikiza, wakati wa kurudi nilipitia kwangu nikatikisa kufuli, hivi hivi, kama mtu asiye na habari. Mwenye wasiwasi alionekana yeye, mimi nikaonekana rafiki mwema. Tangu apone sina pa kujifichia. Leo peke yake nimeshaaga kwenda haja ndogo mara saba, na Waya ameshanipa pole ya kibofu. Pasi analala, mimi nahesabu mabati ya paa. Kuna saa natamani pasi yake iunguze hata shati moja tu, dogo, la mtoto, ili avuke barabara ameshika kichwa kama zamani.

— Anaringa, nikasema. Amepona anaringa.

— Si ndivyo! wakaitikia.

Hapo akaja kinyozi mpya, aliyepanga chumba kilichotazamana na kibanda changu. Hajamaliza hata wiki.

— Karibu kaka, Profesa akajisogeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Kinyozi akapokea kikombe, akamsikiliza Waya akimsimulia kisa chote, kuanzia pasi mpaka matajiri. Kisha akauliza:

— Na siku zote hizo fundi alikuwa akivuka peke yake?

— Peke yake wapi! Gundi huyu hapa kamsindikiza miaka sita. Asante hakuna!

— Ahaa.

Kinyozi akanigeukia. Usoni hakuwa na ubaya wowote.

— Maana leo nakuona kwenye kioo changu nikinyoa watu. Unakuja, unatikisa kufuli, unaondoka, unarudi tena. Mara saba, kaka. Wewe anakusindikiza nani?

Profesa alijisogeza mbali nami, akajikuna. Mama Buli alishika buli hewani, hakumimina. Wote walinitazama, nami nikawatazama mmoja mmoja, nikisubiri angalau mmoja aseme ni yeye.