Dada Nobue Alikuwa Kituko

Kwenye benchi la kituo cha tramu, pale karibu na mto, Hiroshima, marafiki watatu hukutana kila asubuhi na chupa ya kahawa baridi. Breki aliendesha tramu mpaka akastaafu. Meno alikuwa daktari wa meno. Sosi, mwanamke mwenye sauti ya king'ora, anakaanga chapati za kabichi mtaa wa pili. Leo Breki hana raha. Kesho ni kumbukumbu ya bomu, na dada yake Tsuyako, aliyenusurika akiwa mtoto na asiyewahi kuisimulia siku ile, amekubali kuzungumza na watoto wa shule.

— Nisaidieni jamani, Breki akasema. Aanze na nini?

— Na atomu, Meno akajibu. Mtoto asipojua atomu, amani ataielewaje?

— Watalala! Sosi akadakia. Wewe hata sindano ya ganzi hukuhitaji. Ukianza kuongea tu, mgonjwa kashazimia. Watoto walishwe kwanza! Tena na marais wote wenye mabomu waitwe, wakae kwenye kaunta yangu, kila mmoja amkaangie mwenzake. Nani atapigana mdomo umejaa kabichi?

— Watagombania sosi, Meno akaguna.

— Mimi ningewapakia kwenye tramu, Breki akasema, hofu ikimtoka kidogo. Nafunga milango, tunazunguka mji mpaka watie sahihi mkataba wa amani. Hakuna kushuka, hakuna choo!

— Hapo kwenye choo, Sosi akapiga kelele, dunia imepona!

Walicheka hata wasimwone Tsuyako, mpaka aliposimama mbele yao na mwavuli wake wa jua.

— Nilijua uko hapa unanitangaza, akamwambia mdogo wake. Haya, ninyi wenye akili. Kesho naruhusiwa kuwachekesha watoto?

Meno akatazama viatu vyake.

— Kuwachekesha kwa lipi, dada? Breki akauliza.

— Kwa Nobue.

Breki akashtuka. Nobue alikuwa dada yao mkubwa, aliyeuawa na bomu kabla yeye hajazaliwa. Alimjua kwa picha tu: msichana aliyenuna. Mama yao hakuulizwa zaidi.

— Kila mwaka wanasikia watu walivyokufa, Tsuyako akasema. Sawa, wasikie. Lakini Nobue alikuwa kituko! Mwalimu mkuu wetu alikuwa na chafya yake, Nobue akaiiga hivi.

Akakunja pua, akapiga chafya ndefu yenye mluzi mwishoni, kisha akajinyoosha kwa heshima zote. Abiria waliokuwa wakisubiri tramu wakaangua kicheko. Sosi akajipiga mapaja. Breki alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

— Mbona kwenye picha amenuna?

— Amenuna wapi! Anajibana asicheke.

Breki akasogea, akampa nafasi, akammiminia kahawa iliyobaki. Tramu ikaja, ikaondoka bila wao.

— Enhe, dada. Kingine?

— Kuna siku, Tsuyako akaanza, alimvalisha paka kofia ya baba...