Kinacholishikilia Povu

Benchi letu liko mbele ya gereji ya kupaka rangi magari, na kahawa nachemsha mimi. Jana mchana Rangi, fundi wa kupuliza rangi, alikuja na karatasi. Majibu ya kifua chake yalikuwa tayari hospitali tangu asubuhi. Badala ya kuyafuata, akatuletea picha ya eksirei ya mbinguni aliyotumiwa na binti yake anayesomea nyota. Katikati mwanga, kushoto na kulia mapovu mawili meusi. Sikuipenda picha ile hata kidogo.

— Hospitali wanafunga saa kumi, nikamkumbusha.

— Ngoja kwanza. Hapo katikati ya galaksi hii kuna shimo jeusi, linafyatua chembe huku na huku, karibu kasi ya mwanga. Zimesukuma gesi ya moto mpaka ikaacha matundu. Kila moja linaweza kumeza galaksi yetu nzima.

— Chembe gani? akauliza Shemeji, fundi pancha aliyemwoa dada yake Rangi.

— Ndiyo wanabishania. Elektroni zinajulikana, darubini za redio zinazinasa. Ila ukipiga hesabu, nguvu yao hailishikilii povu lisibonyee. Mle ndani kuna kingine. Hakionekani.

Betri, fundi umeme wa magari, akasonya.

— Protoni hizo. Nzito, kimya. Debe tupu haliachi kuvuma.

— Debe lenyewe limejaa, Betri, akasema Rangi.

— Si ndiyo nasema.

— Mimi nasema elektroni na pacha wake wa kinyume, akasema Shemeji. Wale wakikutana wanafutana.

— Pacha naye mwepesi, hatoshi, akapinga Rangi.

— Basi ni nyota zilizoliwa na shimo, akajaribu tena Shemeji, zinataka kutoka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mnakosea, akasema Betri, sauti imeshuka. Kile kitu kinapumua.

Tukaitazama picha tena. Rangi akakohoa, akaficha leso kabla hatujaiona vizuri.

— Hata bomba langu la kupulizia liko hivyo, akasema. Rangi unaiona. Kinachoisukuma huioni.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akaropoka Betri, kisha akainamia kikombe.

Mama mmoja, mgeni kwetu, alikuwa amekuja kuulizia gari lake. Akachungulia karatasi juu ya bega la Rangi.

— Poleni. Hiki kifua cha nani? Mbona kimeliwa hivi?

Rangi akasimama, akavua ovaroli taratibu.

— Shemeji, nisindikize. Peke yangu naogopa.