Gesi Ilinijaza, Kiu Ikanikausha

Wapendwa wa chama hiki, Mungu ametuamsha salama, na mimi nimeambiwa nishuhudie nikiwa nimeketi kwa sababu ya umri. Asanteni kwa kiti. Sitakikalia.

Mnanijua. Nauza mitumba soko la Kibuye tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Mwaka jana magoti yalianza kunikataa. Nikiinama kufungua mzigo, wateja ndio wananiinua. Daktari alinipima akasema mifupa si mibaya, ila misuli ya mapaja imekwisha, nitafute mahali pa mazoezi. Nyumbani walicheka. Binti yangu akasema, "Mama, wewe ni dani sasa, bibi mwenye wajukuu. Rudi kijijini Katito upumzike, kibanda tutakifunga."

Nikamwambia, "Kifunge uone."

Nikajiunga na jimu iliyo nyuma ya soko. Nilivaa suruali chini ya rinda, na kitambaa changu cha kanisani kichwani. Vijana walinishangaa, halafu wakanizoea, wakaniita Mathe, mama yao. "Pisheni, Mathe anainua!" Kocha aliona nakula kidogo, akanishauri ninywe unga wa protini. Ukichanganywa na maji ya kawaida ulinishinda, ladha ni kama chaki. Basi nikanunua maji ya gesi, nikamimina kwenye chupa yenye unga, nikafunga, nikatikisa kama nilivyoona wengine wakitikisa. Ndugu zangu, nawaambia, kifuniko kiliruka hadi kwenye kioo! Povu usoni, povu kifuani. Kijana mmoja akaniuliza, "Mathe, umebatizwa upya?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kocha akanionyesha: koroga unga kwanza kwa maji kidogo ya kawaida, halafu gesi ongeza polepole, na usifunge.

Hapo nikaupenda kweli. Gesi ilinijaza tumbo, nikawa sisikii kiu. Na hapa akina mama wa Kibuye mtanielewa, msijifanye mnaangalia chini. Sisi sokoni hatunywi maji. Choo kiko mbali, na ukiacha kibanda, ukirudi blauzi nzuri zimekwenda. Tunakaza, kiu na haja, mpaka jioni, na tunasifiana kwa kukaza. Kwa hiyo ile chupa ya asubuhi ndiyo ilikuwa maji yangu ya kutwa, na mimi natoka jasho jimu, halafu nashinda juani.

Siku moja ya jua kali niliinua koti kumwonyesha mteja, soko likazunguka. Nikaanguka juu ya nguo zangu. Jirani yangu anayeuza viatu ndiye aliyeita watu wakanipeleka zahanati, nikawekewa dripu.

Watoto wakafika. Mwanangu akasimama miguuni pa kitanda. "Mama, mambo ya jimu yamekwisha, na soko limekwisha. Kesho unaenda nyumbani." Mdomo wangu ulikuwa mkavu hata kubishana sikuweza. Niliomba kimoyomoyo: Mungu, kama ni basi, niambie wewe, si hawa.

Daktari wa hapo, mwanamke mpole, akaingia. "Mama, leo umekunywa maji gani?"

"Chupa ya maji ya gesi, na unga huu." Nikamtolea pakiti mkobani.

"Na mengine?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

"Daktari, nikienda choo, nani atalinda kibanda?"

Hakucheka. Akawageukia wanangu. "Si mazoezi yaliyomwangusha. Mama amekauka. Maji ya gesi ni maji pia, na huo unga nimeuangalia, kwake hauna shida. Lakini chupa moja haimtoshi mtu anayetoka jasho hivi. Anywe kutwa nzima, na aende choo."

Mimi nikalia, si kwa huzuni. Nilikuwa nimeanza kuamini uzee ndio umenishinda, kumbe ni choo! Nikasema, sitatolewa Kibuye na choo.

Niliporudi nilimwambia jirani wa viatu, "Nitakuwa nakunywa, na nitakuwa natoka. Nilindie nguo, nami nikulindie viatu."

Akanijibu, "Mama, mimi nimekaza miaka hii yote nikidhani naumia peke yangu."

Sasa mstari wetu mzima tunalindiana. Wapo wanaotucheka, "Hao wanaenda tena!" Wacheke. Tunapita mbele yao mchana kweupe, na mizigo yangu nafungua mwenyewe.

Namshukuru Mungu aliyenishika hapo kitandani nisikate tamaa. Namshukuru daktari aliyeniuliza kabla ya kunihukumu, kocha ambaye hakuuona uzee wangu kuwa mzaha, na jirani yangu. Erokamano, asanteni sana. Hata wanangu nawashukuru; waliogopa kwa sababu wananipenda.

Ninyi mnaokaza, acheni. Mwili ni wa Mungu, na hakuutengeneza ukauke ili blauzi zisiibwe. Mwambie aliye karibu nawe akulindie, leo, kabla hujaanguka.

Mwenyekiti, nimemaliza. Nisameheni sitangoja wimbo. Nimekunywa maji mengi tangu asubuhi, na nakwenda bila aibu.