Makala Kumi na Moja kwa Tisini

— Nilikuwepo. Kwa macho yangu haya mawili, na la tatu lingekuwepo ningelitumia pia.

Spika alianza kujigamba kabla hata teksi yake haijazimika vizuri. Pale benchini, pembeni ya duka la dawa, alikuwa anasubiriwa tangu asubuhi kama matokeo ya mtihani. Mwenye haraka zaidi alikuwa Fundi, mshona viatu wa kona hiyo. Binti yake, mtafiti wa ubongo, leo kakalishwa mbele ya jopo la chuo kikuu: ama uprofesa, ama asubiri miaka mitano mingine. Spika ndiye aliyempeleka. Kwa miaka minne, kila Ijumaa, Dada Birika muuza kahawa husoma kwenye simu ni mara ngapi wanasayansi wengine wamezinukuu makala za huyo binti, na Fundi huiandika namba kwa chaki ndani ya mfuniko wa sanduku lake. Wiki hii ilisomeka 6,214.

— Kaupata, hakuupata? Fundi akauliza.

— Mzee wangu, hadithi haianzii mkiani. Birika, mimina.

— Jibu kwanza ndipo unywe, Birika akasema, birika kaliinua juu.

Spika akaona kahawa inamponyoka, akaongeza mwendo.

— Kulikuwa na mpinzani. Jamaa ana makala tisini. Kazileta kwa mkokoteni, wapagazi wawili wanasukuma.

Fundi akashika kichwa.

— Tisini? Wangu anazo kumi na moja.

— Hata mpira wa watoto, refa angemaliza mapema kwa huruma, Birika akasema.

— Tulieni basi. Jopo la wazee saba, mdogo wao ana miaka mia na kumi. Mmoja kavaa miwani juu ya miwani. Akauliza, hizi tisini kazinukuu nani? Wakahesabu. Mara mia mbili tu.

— Mia mbili si haba, Fundi akasema.

— Mia na sitini kajinukuu mwenyewe.

Birika alicheka mpaka akalitua birika.

— Huyo ni kama mimi ninywe kahawa yote peke yangu, halafu niseme leo biashara imechangamka.

— Ikaja zamu ya binti yetu. Elfu sita na ushee. Wanaomnukuu wako mpaka nchi ambako jua linachomoza mara moja kwa mwaka, na siku hiyo wao wanasoma makala yake. Mzee wa miwani akavua zote mbili. Mwanangu, akasema, miaka minne na ubongo wa panya kwa makala moja tu, subira hii umeitoa wapi? Binti akasimama wima: kwa baba yangu, fundi viatu.

Fundi akaingiza mkono sandukuni, akatafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

— Kwa hiyo kaupata.

— Kaupata. Tangu saa nne na nusu ya leo wewe ni baba wa profesa.

Hapo Birika akamimina bila kuangalia nani ana kikombe na nani anapita njia tu. Fundi akaandika PROFESA kwa herufi kubwa juu ya namba zote, chaki ikamkatikia mkononi, akamalizia kwa kipande.

Mteja mmoja, mama aliyekuwa amesimama mguu mmoja peku akisubiri kisigino cha kiatu chake, akapokea kikombe.

— Hongereni jamani. Kwani kagundua nini?

Fundi akamtazama Birika. Birika akamtazama Spika. Miaka minne ya kuhesabu, na hakuna aliyewahi kuuliza.

— Mambo ya ubongo, Fundi akasema.

— Ubongo sawa. Nini cha ubongo?

Wote wakamgeukia Spika.

— Wewe si ulikuwepo?

Spika akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Nilikuwepo. Kwenye maegesho. Mlango walifunga. Habari ya uprofesa kaniambia binti mwenyewe alipotoka, analia huku anacheka, na ya yule wa tisini kanihadithia garini.

— Na ile subira ya baba?

— Hiyo, mzee wangu, nimeitia mimi.

— Nilijua, Fundi akasema. Mimi na subira wapi na wapi. Lakini ukisimulia tena, usiitoe.