Fomu ya Kujitoa

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba wangu, fundi wa mageti, acha kuegemea huo mlango kama askari wa zamu. Na wewe mwalimu, futa machozi, sijafa bado, na nikifa utalia vizuri zaidi ukiwa umeshanisikiliza. Pumzi hii niliyonayo ni ya kuazima, na mwenyewe amekwisha kutuma watu.

Miguu yangu mnaijua, imenitangulia kufa. Tangu mvua zile nimelala humu chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta na ukuta unanitazama mimi. Mnadhani kinachonibana ni maradhi. Kinachonibana ni karatasi iliyo chini ya mto huu, na leo saa kumi binti yako wewe fundi, huyu tunayemwita Kinasa kwa ajili ya kile kinasa sauti chake, anatakiwa airudishe chuoni, ina dole gumba langu au haina.

Kinasa anasomea lugha, shahada ya pili. Mwaka jana aliniomba nizungumze lugha ya kwetu, ile niliyokuja nayo mjini na baba yenu, nyie mkaikataa kwa kuwaonea haya wenzenu shuleni. Akasema, Bibi, sema lolote la maisha yako. Nikasema siku tisa. Mficha uchi hazai, nami nilikwisha kuzaa, nikaona nivue tu, maana lugha ile katika nyumba hii haina masikio, ni kama kusemea kisimani. Siku ya sita nikasema na lile ambalo sijawahi kulisema kwa Kiswahili.

Kosa langu, sikujua kwamba kazi ya hawa watoto si kusikia tu, ni kufasiri, neno kwa neno. Na kosa la Kinasa, lugha ilipomshinda alimpelekea sauti yangu mtu mmoja tu aliyebaki anayeijua, shangazi yenu, wifi yangu mimi, kule alikopanga nyuma ya mashine ya kusaga. Akamvisha vile vya masikioni. Mwenzangu akasikiliza siku ya sita yote, ninamsema yeye, akamfasiria mtoto bila kupunguza wala kuongeza, kisha akaomba maji ya kunywa, akasema, "Haya, endelea mwanangu, bado siku tatu."

Ndipo chuo kikaleta mafunzo ya maadili ya utafiti, kazi imeshakwisha, kama mwavuli anaoletewa mtu aliyekwisha kulowa. Siku mbili wamewekwa ukumbini wanaambiwa sauti ya mtu ni ya mwenyewe, asisikilizishwe mwingine bila ridhaa yake, na siri uliyopewa usimpelekee hata baba yako mzazi. Mtoto akarudi amenywea. Miezi mitatu amekula meza moja na wewe fundi, analo kooni, halimezeki halitemeki, na wewe mwalimu ukanong'ona kwamba ana mimba. Mimba ilikuwepo, ila ilikuwa ya maneno yangu.

Mkufunzi wake akamwambia aje aniungamie, anipe na karatasi. Alinisomea hapa nilipolala, mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Nikamuuliza, hata nikishakufa? Akaniambia, "Ukishafariki, Bibi, hatutakuwa na wa kumuuliza." Nikitia dole, sauti yote inafutwa, masomo yake yanaanza upya, na shangazi yenu anabaki vile mnavyomjua. Nisipotia, mtalisoma katika kitabu chake cha shahada. Wiki nzima nimelalia karatasi hii kama kuku anayeatamia jiwe; nikigeuka huku namkuta mjukuu, nikigeuka kule nawakuta nyie, na miguu ya kukimbilia sina.

Basi lisikieni kwa Kiswahili, asihitajike mfasiri. Siku baba yenu anakata roho alisema kwa lugha ya kwetu, maana Kiswahili kilikuwa kimeshamtoka. Tulioelewa tulikuwa wawili, mimi na dada yake. Mkaniuliza, Mama, Baba anasemaje, nikawaambia anasema nyumba yote ni yenu. Hakusema hivyo. Alisema, "Vyumba viwili vya nyuma ni vya dada yangu, amevijenga kwa mikono yake, asitolewe." Na alirudia. Dada yake alipowaambia, mlimwita mwongo, na wewe fundi ukalitupa sanduku lake nje, mimi nikiwa jikoni nachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Usiinamishe kichwa. Wewe uliamini, mimi nilijua.

Sababu nzuri sina. Alinidharau tangu nilipoolewa, nami nikataka nyumba ambayo nikinung'unika hakuna anayenielewa. Nikaipata. Miaka ishirini na saba nimenung'unika humu, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, Mama, umesemaje.

Dole sitii. Kinasa, irudishe hivyo hivyo ilivyo tupu, na kitabuni uandike jina langu kamili, usiniite mshiriki wa kike mwenye umri mkubwa. Nikitukanwa, nitukanwe mimi. Vyumba hivi viwili virudi kwa mwenyewe. Fundi, uliyelitupa sanduku ndiye utakayelibeba, tena kichwani, na ukifika usianze kumweleza, anayajua kuliko wewe. Sema tu, Shangazi, twende nyumbani. Akikufukuza, rudi kesho. Akikufukuza kesho, keshokutwa nayo ni siku. Mwalimu, sufuria zangu chukua, ile kubwa inavuja, msije mkagombana bure.

Mungu awape... ngojeni nipumue. Mungu awape watu wa kuwaelewa mkinung'unika. Watoto wenu wasiogope kuwauliza. Nimewaachilia yote, na nyie, mkiweza... si leo. Mkiweza.

Sasa inueni kitanda. Wewe kichwani, wewe miguuni. Nipelekeni sebuleni, jikoni, popote, lakini sasa hivi, ningali napumua, shangazi yenu asije akakabidhiwa chumba chake na maiti ndani. Taratibu... kizingiti hicho. Haya. Vukeni.