Seijun Zukeran na Simba wa Paa la Mama Uto

Marehemu Seijun Zukeran alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa kisiwani Tonaki, mtoto pekee wa Kamesuke na Moushi. Homa ilimchukua mama yake mwaka 1940, na vita vikamchukua baba mwaka 1945. Alilelewa na jirani, mjane Uto Maeshiro, aliyemlisha sahani moja na binti yake Fumi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi vita vilipoifunga. Mwaka 1948 alivuka bahari kwenda mjini Naha kujifunza kuezeka vigae. Alikuwa mwoga, na hakuona haya kusema hivyo. Alipanda ngazi kafumba macho, lakini mapaa yake hayakuvuja.

Kama mafundi wote wa kwetu, akimaliza paa alikusanya vigae vilivyovunjika na chokaa iliyobaki, akamfinyangia mwenye nyumba shisa, yaani simba wa paa. Simba hufukuza mabaya, na mabaya huenda kule anakotazama, kwa hiyo fundi hamwelekezi kwenye mlango wa mtu. Mei 1963 alimaliza paa la Mama Uto, akamgeuzia simba kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya njia. Septemba, Mama Uto akampa kiwanja hicho hicho, zawadi ya harusi. Kwa furaha alijenga bila kuinua macho.

Tarehe 3 Novemba alimwoa Tsuru Aragaki. Kesho yake asubuhi bibi harusi alifungua mlango, akasimama.

"Seijun, huyo simba wako mbona anatukodolea macho?"

Seijun alitoka, akaona, akamvuta mkewe ndani. "Usimtazame."

"Si umgeuze?"

"Ameshaombewa, si wangu tena. Nikimgeuza, namwacha Mama Uto wazi."

"Basi na sisi tuweke wetu, watazamane."

"Halafu mabaya yarudi kwa nani, Tsuru? Kwa aliyenilea?"

Mtoto wao wa kwanza, Masao, alizaliwa tarehe 6 Agosti 1964, akafariki siku ya tisa. Tangu hapo Seijun aliishi roho mkononi. Hakulitazama tena paa lile, wala hakumruhusu mtu wa nyumbani kwake kulitazama. Alipita njiani kainamisha kichwa, mpaka Mama Uto akamtania: "Wewe, unanisalimia mimi au unasalimia maboga yangu?" Kiyomi na Zenji walizaliwa, wakakua wazima. Hata hivyo, mmoja akikohoa tu, baba alihesabu siku tisa bila kula vizuri.

Juni 2009 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alikataa kulazwa Naha, akisema hawezi kuiacha nyumba peke yake. Siku za mwisho alimshika Kiyomi mkono.

"Ananitazama?"

"Lala, baba."

"Nikiondoka ataanza na ninyi."

Alifariki tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na hofu. Familia haitaki kusema vinginevyo.

Juzi Zenji alipanda paa la Mama Uto, aliyetutoka mwaka 1998, kumpelekea simba kikombe cha pombe na kumwomba asiwafuate watoto. Alimkuta amezibwa macho. Chokaa ilikuwa ya zamani, imeota ukungu, na juu yake zimebaki alama za vidole vyembamba. Bi Fumi alipoulizwa, alilia.

"Mama alipanda mwenyewe, wiki ile Masao alipozikwa. Mimi nilishika ngazi. Alisema, 'Bora kwangu pabaki wazi.' Akanikataza kumwambia Seijun. Alisema ni fundi yule, ataumia akijua kazi yake imeharibiwa."

Marehemu ameacha mjane, Tsuru, watoto wawili, Kiyomi na Zenji, wajukuu watano, na Bi Fumi, dada yake wa sahani moja.

Pumzika sasa bila woga, Seijun wetu. Miaka arobaini na mitano, hakuwa akikutazama.